Bulisa Iko

Kabla ya njia

Mwaka wa 1938, katika kisiwa cha Rodo, msichana wa miaka tisa aliambiwa na mwalimu wake akusanye daftari zake aende kwao, kwa sababu ni Myahudi na shule haitaki Wayahudi tena. Anaitwa Rasheli. Taabu yake ilianza siku ile. Mimi pia niliacha shule na miaka tisa, kule Lubumbashi, ila mimi sikufukuzwa na mtu. Mwalimu alikuwa na fimbo ndefu na mimi nilikuwa na miguu mirefu. Maisha yangu yote nimejisifu kwamba nimefika nilipofika bila shule. Sasa najisifu kidogo kidogo.

Rodo kama hukijui, fungua Matendo ya Mitume, Paulo alipita pale na merikebu. Nimesikia jina hilo kanisani miaka na miaka nikidhani ni mji uliokwisha kufa, kama Ninawi. Kumbe kuna watu, kuna bandari, na babu yangu mzaa mama alitoka pale.

Ninyi wa saluni na ninyi wa maduka ya simu hapa Durban mmenichosha. Papa Kalenga, ulikwenda Bulawayo kufanya nini. Papa Kalenga, ni kweli uko na bibi Mzungu. Papa Kalenga, amekuachia nini. Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome, aniache nifanye kazi. Nimeandika kama ninavyosema. Asiyependa aandike yake.

Mama yangu anaitwa Bulisa. Baba yake alikuwa Musyu Nisim, Myahudi wa Rodo, mwenye duka la vitambaa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Bibi yangu Ngoie alikuwa akimpikia, halafu ikawa zaidi ya kupika, akazaliwa Mama. Mama alipofika miaka minane hivi, vita ya Wazungu ikiwa imekwisha, Musyu Nisim alisema kuna wageni wanakuja kutoka kwao. Akampa Ngoie vitambaa, akampeleka na mtoto wake mtaa wa Kamalondo, na hakuja tena kuwaona. Mama hana picha yake. Anakumbuka viatu vya rangi mbili, basi.

Aliwaachia vitu viwili. Cha kwanza ni boyo. Ni andazi la kuoka: unga unavutwa mpaka unaona mkono wako upande wa pili, ndani unatia majani na jibini, halafu unakunja kama bahasha. Ngoie alifundishwa na Musyu mwenyewe. Sisi tulijua linaitwa boyo kwa sababu ni chakula cha maboyi, wale watumishi wa nyumba za Wazungu. Haya maboyo njo, yaani ndiyo, yalinifanya mtu. Nilifika Durban na begi moja na kiatu kimoja kizima. Leo nenda Jacobs saa ya chakula, uliza wafanyakazi wa viwandani nani mfalme wa boyo, watakuonyesha gari yangu.

Cha pili ni jina. Bulisa. Watu wa Kamalondo walisema linatoka kwenye kulisha: mtoto wa mpishi, mlishaji wa watu. Tukaamini. Mimi nilikuwa hata nimezungumza na mchoraji alipake kwenye ubavu wa gari: Bulisa, Mama Mlishaji.

Siku hizi miguu ya Mama imekataa. Anakaa kwenye kiti chake dirishani, South Beach, ghorofa ya kumi na moja, anawatukana watu wanaoogelea siku za baridi. Dokta Wanjiru, Mkenya anayefundisha chuo kikuu na anayekaa chini yetu, alisikia habari za Musyu Nisim, akaulizauliza kwa njia zake. Siku moja akapanda na jibu. Nisim alikufa zamani, lakini dada yake, kitinda mimba wao, yuko hai, kwenye nyumba ya wazee wa Kiyahudi Bulawayo, kule Zimbabwe.

"Alipita kambini, Mzee," akaniambia. "Wakati wa vita. Unajua kambi?"

"Ninajua sana. Nimekaa kambi ya wakimbizi. Maharage asubuhi, maharage jioni."

"Si kambi ya namna hiyo."

"Dokta, kambi ni kambi."

Hilo neno lishikeni, nitalilipia mbele.

Mama hakulia. Aliuliza Bulawayo ni mbali kiasi gani, akaambiwa, akatazama miguu yake kama anavyomtazama mpangaji asiyelipa. Kisha akaniambia, "Kalenga, utaenda weye. Muulize neno moja tu. Baba yangu alisema niko, ao alisema siko?"

"Mama, uko. Ninakuona."

"Sikuulizi weye unaona nini. Enda umuulize."

Durban mpaka Joburg

Kwetu huendi kwa mkubwa na mikono mitupu. Nilioka maboyo yakajaza ile ndoo ya plastiki ya mayonezi, Mama akikagua kila moja kama askari wa mpakani. Akakata neno: hii yote ni ya shangazi, mtu asiguse.

Jirani yangu kwenye basi alikuwa MaMoyo, mfanyabiashara wa Bulawayo anayenunua mablanketi Durban. Mwanamke mpana, na mablanketi yake pia mapana, kwa hiyo mimi nilisafiri kwa pumzi ya kukopa. Nilimwambia ninakwenda kumwona dada wa babu yangu, Mzungu. Akanitazama ngozi, akatazama ndoo.

"Amekufa?"

"Yuko hai."

"Basi umewahi. Wengine wanafika mali imekwisha gawanywa."

"Mama, mimi siendi kutafuta mali ya mtu. Mimi niko na tanuri mbili."

"Sawa, baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mlevi.

Kule Van Reenen, milimani penye baridi, basi likasimama. Dereva akafungua injini. Mimi, kwa kuwa niko na bakkie, ile gari yangu ya mizigo, nilishuka kutoa mashauri. Niliwaambia abiria wasiwe na wasiwasi, najua sauti ya gari ikiugua. Nikaonyesha mpira mmoja, nikasema tatizo ni pale, mafuta hayapandi.

Dereva akasema polepole, "Baba, huo mpira unapeleka maji ya kuosha kioo."

Watu wakacheka. Nikarudi kukaa. Tulingoja sana, baridi ikaingia mifupani, watoto wakaanza kulia njaa, na mimi nilikuwa nahitaji kurudisha heshima yangu. Nikafungua ndoo. Nilisema kila mtu achukue moja, aonje kazi ya mfalme. Walionja mara mbili. Dereva mara tatu. MaMoyo alisema ni tamu lakini ndani kungekaa nyama vizuri zaidi. Basi lilipoamka, ndoo ilikuwa nusu, na heshima yangu vilevile.

Joburg mpaka mpakani

Joburg nilibadilisha basi na nikaambiwa ningoje. Nilingoja. Nilikula magwinya, yale maandazi ya mafuta, nikayasema vibaya mbele ya mama aliyeyakaanga, kwamba andazi lenye mafuta hivi linamficha mpishi. Akaniuliza mimi ninauza wapi. Nikamwambia Jacobs. Akasema, "Basi kauze Jacobs," akanirudishia pesa yangu na akachukua gwinya lake, lililokwisha kuumwa. Niligundua baadaye kwamba yalikuwa mazuri. Njaa ilinieleza vizuri sana njia nzima mpaka Polokwane.

Basi la pili lilikuwa na MaMoyo yuleyule. Alikuwa ameniwekea kiti. Katika saa za kungoja alikuwa amewaeleza abiria wote habari zangu, na sasa nilikuwa yule mzee anayekwenda kurithi dhahabu ya Mzungu. Mzee mmoja wa nyuma alinishauri nisikubali nyumba, Bulawayo maji ni shida, nichukue pesa.

Mpakani

Beitbridge jua halina adabu. Tulishusha kila kitu, tukapanga foleni, foleni ikazaa foleni nyingine. Ofisa wa Zimbabwe akaniuliza ninakwenda kwa nani.

"Kwa nkambo yangu." Ndivyo tunavyosema Lubumbashi, bibi ni nkambo. Hakuelewa. Nikasema dada ya babu, anaitwa Madamu Rasheli, yuko nyumba ya wazee Wayahudi.

Akaweka kalamu chini. "Wewe ni Myahudi?"

Hapo, wapendwa, nilikwama. Nimezaliwa Mmetodisti, nimebatizwa tena na Wapentekoste, na mkate wangu naula na yeyote. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Kidogo."

"Kidogo upande gani?"

"Upande wa mkate."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akaja, akaniuliza ndoo ina nini. Nikasema majani na jibini. Akasema lazima wahakikishe. Walihakikisha vizuri, wawili kwanza, halafu mkubwa wao naye akaja kuhakikisha. Walinigongea muhuri wakiwa wanatafuna, wakanitakia urithi mwema. MaMoyo alikuwa amekwisha pita pale.

Upande wa pili: jino

Tulipovuka, kando ya barabara wanawake walikuwa wanauza viwavi vya mopane, wale wenyeji wanaita amacimbi. Sisi watu wa Katanga viwavi ni nyama ya utoto wetu. Moyo ulinidunda. MaMoyo alinionya, "Hawa wamekaushwa, baba, wa kwenda kuloweka na kupika."

"Mama, mimi nilikula hivi kabla wewe hujazaliwa."

Nikanunua bakuli, nikatupa kiganja kizima mdomoni, nikauma. Nilisikia sauti ambayo haikuwa ya kiwavi. Lile jino langu la mbele la kubandikwa, ambalo daktari wa Durban aliniapia litanizika, lilikuwa limekatika. Nikalitema mkononi pamoja na vichwa vya viwavi, nikashindwa kutofautisha kipi ni kipi.

MaMoyo hakucheka. Alifunika uso na blanketi, na blanketi likacheka.

Ubaya wa jino hilo ni kwamba ndilo linaloshika s. Bila hilo, kila s inatoka na upepo. Nilijaribu kusema Rasheli, ikatoka vizuri, nikafurahi. Sikujaribu jina la Mama. Ningejaribu, ningejiandaa.

Bulawayo, getini

Bulawayo wanasema Kindebele, na mimi Kizulu ninacho, nikajiona niko nyumbani. Nilisahau Kizulu changu nilifundishwa na wapakiaji wa malori Jacobs. Nilipomwona muuguzi ndani ya geti nikaita kwa sauti, kumwambia aje, "Woza la!"

Akaja taratibu. Kitambulisho kifuani kilisema Thandi. "Baba," akaniambia, "hapa hivyo tunaita mbuzi."

Nikaomba radhi kwa upepo wa pengo langu. Nikaeleza nimetoka Durban, kwetu ni Kongo, nimekuja kwa Madamu Rasheli, na nimemletea chakula. Akatazama ndoo, akatikisa kichwa. Chakula cha nje hakiingii jikoni.

Hilo lilinichoma. "Sista, mimi niko na cheti cha manispaa ya Durban. Walikagua hata kucha zangu."

"Si uchafu, baba. Wana sheria yao ya chakula. Sufuria zao, sahani zao. Hata mimi siingii na sandwichi."

"Kwa hiyo nimebeba ndoo kutoka baharini mpaka hapa bure?"

Akafikiri. "Sheria ni ya jikoni. Baraza haina sheria. Ila usimwekee kwenye sahani." Kisha akasema, "Umebahatika. Leo anasema Kiswahili. Siku nyingine ni Kiitaliano tu, au kile kingine chao, na sisi tunaitikia amina."

Barazani

Alikuwa mdogo. Mdogo kama mtoto aliyevalishwa nguo za bibi yake, amekaa kwenye kiti cha magurudumu juani, shali mabegani, macho meusi ya ndege. Nilivua kofia kwa heshima.

"Vaa kofia," akasema kwa Kiswahili. "Mwanaume hapana simama na kichwa wazi. Wewe boyi ya nani?"

Miaka sitini na minane, tanuri mbili, na ninaitwa boyi. Nilivimba. "Madamu, mimi hapana boyi. Mimi ni patroni. Niko na wafanyakazi."

"Boyi yote nasema hivyo," akajibu. "Kaa."

Nikakaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nje ya shali, na juu yake nikaona namba imeandikwa kwa wino wa buluu uliofifia. Mimi nimefanya kazi duka la simu miaka minne, namba yoyote kwangu ni namba ya simu. Nikadhani hapa wazee wanaandikwa namba ya watu wao wasipotee. Nikaona ni wazo zuri, nikalisifu. Nikasema, "Madamu, hii namba ni ya mtoto wako? Imeanza kufutika, waambie waandike upya."

Thandi alishika mlango kama mtu aliyekanyaga msumari.

Bibi akatazama mkono, akanitazama mimi. "Hii ni ya kambi. Kule hapana jina. Kule namba."

"Hata mimi nimekaa kambi, madamu." Ulimi wangu huo.

"Kambi yako, watu nakwenda soko?"

"Ndiyo. Siku za Jumamosi."

"Natoka nje, narudi?"

"Ndiyo."

"Basi hapana sema kambi. Sema kijiji."

 Ndoo ilikuwa mapajani mwangu, nikaona bora mikono ifanye kazi, nikaifungua. Yalibaki maboyo machache, magumu ya njia. Nikamwekea moja juu ya karatasi. Alilishika, akaligeuza, akatazama mikunjo. Akauma kwa upande.

"Boyo," akasema.

"Ndiyo, madamu. Chakula ya maboyi."

"Maboyi gani? Boyo ni ya kwetu, ya Rodo. Nani nafanya hii?"

"Mimi. Mimi ni mfalme wa—"

"Mubaya. Chumvi mingi. Unga kama kiatu. Nani nafundisha wewe?"

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu aliye hai. Nilitaka kusimama. Lakini alikuwa amelimaliza, na mkono wake unatafuta la pili, nikampa.

"Bibi yangu Ngoie alifundishwa na kaka yako," nikasema. "Musyu Nisim. Alizaa naye mtoto. Mtoto huyo ni mama yangu. Yuko Durban, amenituma. Anaitwa Bulisha."

"Lisha nani?" akasema. "Mimi nakula sasa hivi, hapana ona?"

"Bulisha, madamu. Bulisha."

"Thandi, huyu mzee anataka lisha mimi kwa nguvu."

 Njia yote ile, na jina moja halitoki. Nikatia kidole kwenye pengo, nikaziba upepo, nikasema polepole kama mtoto anayesoma ubaoni: "Bu-li-sa."

Boyo likaanguka kwenye shali.

Thandi akapiga magoti kumshika mkono kuona mapigo. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Hapana. Bulisa nakufa. Nakufa na homa, mtoto mudogo."

"Nani alisema?"

"Nisim."

Nawapa sura ya mambo kama alivyonipa, yeye akisimama mara nyingi, mara nyingine akiingia Kiitaliano na kutoka. Bulisa lilikuwa jina la mama yao. Kwao mtoto wa kwanza wa kike anapewa jina la mama wa baba, na si kwa kumkumbuka marehemu. Unalitoa yule bibi akiwa hai, asikie, afurahi. Sisi Waluba tungeelewana nao kwa siku moja. Hakuna kulisha. Hakuna mlishaji. Nilimkumbuka yule mchoraji wa gari nikamshukuru kwa uvivu wake.

Siku moja, akasema, mtu wa kwao alirudi likizo kutoka Kongo, akaja mpaka uchochoro wao wa kokoto nyeusi na nyeupe, akamwambia mama yao: Nisim amepata binti, amempa jina lako. Mama yao akawasha tanuri. Alioka maboyo mchana kutwa, akayagawa kila mlango.

"Wanawake nauliza yeye: Bulisa, harusi nakuwa lini? Bibi arusi nani, mtoto ya nani? Mama nasema: mtoto iko, jina iko. Ile ingine, Mungu najua." Akacheka bila sauti. "Kila siku nasema. Mimi nachoka. Mimi narudi nyumbani, shule nakataa mimi, rafiki ya Italia nageuza uso, na mama anasema Bulisa ya Kongo sasa iko na meno, Bulisa ya Kongo sasa natembea. Mimi naona wivu ya mtoto hapana ona."

Baadaye Wajerumani wakafika. Yeye alikuwa na miaka kumi na tano. Waliwaita wanaume kwanza, waje na vitambulisho, watapewa kazi. Wakawazuia. Kisha wakawaita wanawake na watoto, waje na chakula na dhahabu, vinginevyo wanaume watauawa. Wakaenda, kwa kuwa nani asingekwenda. Mama yao alichukua mkufu, blanketi, na mfuko wa maboyo. Mashua za mizigo katika joto la kiangazi, watu wamepangwa kama makaa. Kisha treni ya ng'ombe, siku juu ya siku, kopo moja la maji. Wazee walikufa wamesimama kwa sababu hapakuwa na pa kuanguka.

"Ndani ya treni mimi nasema, mama, sisi nakwisha. Yeye nasema hapana. Sisi hapa nakwisha, labda. Bulisa iko."

Walipofika, mtu mwenye glovu alionyesha kwa kidole: huyu huku, yule kule. Mama yao akapelekwa kule. Rasheli alitaka kumfuata. Mama yake akamsukuma kifuani, kwa nguvu, akaanguka, na ndipo akamwambia kwa lugha yao neno la mwisho. Alinisemea kwanza kwa lugha ile, kisha akatafuta Kiswahili chake cha jikoni, kwa kuwa hakuwa na kingine.

"Hapana lia. Bulisa iko Kongo."

Thandi hasikii Kiswahili, lakini alikuwa anafuta macho.

Vita ilipokwisha, hakuna aliyebaki ila yeye. Nisim akamtumia nauli, akaja Élisabethville; Bulawayo alihamia baadaye. "Mimi nashuka treni. Kaka nakumbatia mimi. Mimi nauliza, Bulisa iko wapi? Kwanza ya yote, mbele ya kunywa maji. Yeye natazama viatu. Nasema, nakufa, homa. Mimi nalia Bulisa mara ya pili."

Viatu vya rangi mbili, nikafikiri. Wale wageni ambao Ngoie na Mama walifukuzwa kwa ajili yao ni yeye. Mtu pekee duniani aliyekuja kumtafuta mama yangu njo yule tuliyefichwa asituone. Nilisimama. Nilisema maneno kuhusu Nisim ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wengine wenu ni wachungaji.

"Kaa," akasema. "Mimi pia nasema hiyo maneno. Kaka yangu mwoga. Naogopa Wazungu ya klabu, naogopa rabi, naogopa mimi, msichana na kilo thelathini. Mtu mwoga naua mtu kwa mdomo." Akanyosha mkono. "Piga simu."

"Sasa?"

"Mimi iko na miaka tisini na sita. Wewe nataka ngoja nini?"

Nikapiga, ile ya picha. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, mtandao unapanda na kushuka. Ilichukua muda. Kisha paji la uso la Mama likatokea, kama kawaida, yeye hajui kushika simu, unaona nywele na dari.

"Kalenga? Umekula?"

Nikampa bibi simu. Aliisogeza mpaka puani.

"Bulisa?"

"Ndiyo. Nani?"

"Wewe nakufa."

Dari ya South Beach ikatulia. Nilisikia bahari yetu mle ndani ya simu, na taxi inapiga honi. Kisha uso wa Mama ukashuka taratibu ukajaa kioo chote, miaka themanini na saba, macho meusi ya ndege. Sikuwahi kuyaona mpaka siku ile, na nimekua mbele yake.

"Hapana, shangazi," Mama akasema. "Sikufa. Niko Durban."

Walitazamana. Bibi akagusa kioo, simu ikadhani anataka kukata, nikairudisha haraka. Mama akauliza swali lake, bila mzunguko, alivyokuwa ameliweka miaka yote hiyo.

"Baba yangu alisema niko, ao alisema siko?"

Nilimtazama bibi. Nilikuwa tayari amdanganye, na ningemshukuru.

"Kwanza nasema iko," akajibu. "Kisha naogopa, nasema haiko. Lakini mama yangu, Bulisa mukubwa, nasema wewe iko. Mpaka mlango ya mwisho nasema iko. Wewe nasikia mimi?"

Mtandao ukakatika.

Nilikimbia barazani na simu juu kama mtu anayefukuza nyuki. Uliporudi, uso wa Mama ulikuwa haupo, kuna dari tena, na sauti yake inasema kwa utulivu, "Nilisikia. Nilisikia. Sasa mwambie Kalenga asisahau kurudi na ndoo."

Kurudi

Kurudi hakuna habari. Ofisa wa mpakani aliniuliza nimerithi nini. Nikamwambia bibi amesema nipunguze chumvi. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania.

Kwa hiyo wale mnaolalamika Jacobs kwamba boyo la mfalme limepoa, chumvi imetoka kwa amri kutoka Bulawayo, na unga unavutwa upya kama alivyosema. Kila Jumapili mchana anapiga simu. Anaongea na Mama kwanza, halafu anadai kuonyeshwa mikunjo. Bado anasema mubaya. Wiki iliyopita alisema mubaya kidogo.

Tulicho nacho leo ni hiki. Tanuri mbili Jacobs. Bakkie moja nyeupe, ubavuni imeandikwa Bulisa, bila neno lingine. Fleti South Beach, lifti ikipenda. Ndoo moja ya mayonezi, tupu. Pengo moja la mbele, daktari ananingoja. Nkambo mmoja Bulawayo.

Na Bulisa iko. Yuko dirishani, anatukana waogeleaji.